Veronika Mbonde, Aliyetaka Ugonjwa Wake Utajwe

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, jamaa na majirani, familia inawaomba utulivu, kwa kuwa marehemu aliagiza historia yake isomwe bila kufichwa kitu, na waliozoea kusikia tu kwamba mtu aliugua kwa muda mfupi leo watuvumilie.

Veronika Clemence Mbonde alizaliwa hapa Kipatimu tarehe 14 Machi 1986, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, na mwaka 2005 akashuka Nangurukuru kuwapikia abiria, jiko moja na Salima, ambaye wote mnamfahamu, na ambaye jana mlimrudishia sufuria lake la wali likiwa halijaguswa. Mwaka 2008 alifunga ndoa na Bwana Kondo, wakajaliwa Happiness na Witness.

Mwaka 2017 alianza kuharisha damu, akakonda, na midomo ya watu ikampa kila ugonjwa isipokuwa wake, lakini kibanda hakufunga, alikaza kanga kiunoni akaendelea kugeuza samaki. Mwaka 2019 madaktari wa Dar es Salaam walimpima kwa kamera wakakuta vidonda kwenye utumbo mpana, ugonjwa usioambukiza, na tangu hapo kila asubuhi Salima alimpikia uji na kumkumbusha dawa. Ndiyo, uji huo huo mnaonong'ona kwamba ulitiwa kitu.

Juni mwaka huu ugonjwa uliamka tena, kichwa kikafuata, kikakataa kutulia, wakadhani ni moshi wa kuni kama wapishi wote wanavyodhani, Salima akamtoa jikoni akamweka kwenye kuchambua mchele, hadi tarehe 27 alipoanguka akitetemeka mwili mzima, na Salima ndiye aliyempakia kwenye gari kwenda hospitali. Picha zilionyesha damu imeganda kwenye mishipa inayotoa damu kwenye ubongo, na madaktari wakaeleza kwamba utumbo ukivimba namna ile, damu huweza kuganda kwa urahisi, hata kichwani. Hakuna aliyemroga, hakuna aliyemtilia kitu.

Alipopata fahamu alisema kwa taabu kwamba akifa asisingiziwe mtu, na msibani kwake apike Salima. Alifariki tarehe 6 Julai 2025, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, na wapishi wenzake wa Nangurukuru. Wali ulioko jikoni sasa kapika Salima, wa kwanza kupakuliwa ni Happiness na Witness, kisha baba yao, na asiyetaka arudi kwake na njaa yake.

Pumzika kwa amani, Veronika, tumesema kama ulivyotuagiza, na sasa tunakwenda kula.