Mama Marthe Nsimire na Ugonjwa Uliomchukua

Marehemu Mama Marthe Nsimire alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 14 Machi 1971, akiwa kifungua mimba wa hayati Mzee Marcellin, fundi viatu.

Alisoma hukohuko Kadutu, kisha akajifunza ushonaji kwa masista. Walimu walimlalamikia jambo moja: hakukubali neno mpaka aambiwe limetoka wapi.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Ruphin, na mwaka 2004 wakahamia Johannesburg. Alishona katika mtaa wa Bertrams; sare za kwaya yetu ni kazi ya mikono yake. Sukari ilimpata mwaka 2011, na tangu hapo alijidunga insulini bila kuona haya, hata mbele ya wateja.

Katika grupu ya WhatsApp ya kanisa, uongo haukumpita. Mwaka 2017 Papa Octave alituma ujumbe kwamba maji ya bamia yanaponya sukari, dawa zitupwe. Mama Marthe hakumwaibisha mbele ya watu. Alimfuata kwake Hillbrow na kipimo cha sukari mkobani, akamuuliza, "Papa, mutu aliandika hii, unamujua?" Hakumjua. Alipompima, kipimo kilisoma juu sana. Papa Octave aliufuta ujumbe mwenyewe, wakaongozana kliniki, na tangu hapo akawa anamwita "polisi wangu".

Julai 2018 alikutwa na kansa ya kongosho, tayari imeenea. Alimwambia mumewe, "Nikikufa, usiandike ati niligonjwa siku kidogo. Andika jina ya ugonjwa." Aliaga dunia hospitalini Jumamosi, tarehe 6 Oktoba.

Ruphin alikuwa amekufa ganzi. Kwenye grupu aliandika kama tunavyoandika sote: ameondoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kwetu, kuutaja ugonjwa ni kama kumvua marehemu nguo. Kufikia Jumatatu ilizunguka kwenye simu sauti iliyorekodiwa ya mtu asiyejulikana, ikisema insulini ndiyo iliyomuua. Chloé, mdogo wake marehemu, mwenye sukari pia, aliisikia akaacha kujidunga. Simu za Ruphin hapokei.

Basi Ruphin, ambaye hata kulia bado hajaweza, ameomba isomwe hapa: Mama Marthe aliuawa na kansa ya kongosho. Insulini ilimtunza miaka saba. Mwenye sauti ile kwenye simu yake aifute sasa, kabla hatujashusha jeneza.

Ameacha mume, Ruphin. Watoto, Emery na Sagesse. Na mdogo wake, Chloé, atusamehe kwa kumtaja. Tukitoka makaburini, Ruphin hatakwenda matangani kwanza. Atampeleka shemeji yake kliniki, akikubali.

Mama Marthe, Bwana akupe amani, upumzike.