Mtukane Tena

Tramu ilikuwa haijatoka hata kituoni mjini Perm, Urusi, bibi aliyekaa karibu na Matvei akaanza kufoka peke yake: "Rodion, mzembe wewe! Miguu kama ya kuku!"

Matvei, asiyekosa kutazama shindano hata moja la kuteleza kwenye barafu, akadakia. "Rodion Belyakov? Huyo kaisha, bibi. Msimu mzima kila akiruka anatua kwa makalio. Angeacha tu, awapishe vijana."

"Sema tena, mwanangu!" Bibi akamshika mkono. "Paza sauti!"

Matvei akashangaa, hajazoea kushukuriwa kwa kumsema mtu. "Kwani kakukosea nini?"

"Ni mjukuu wangu. Yuko kwenye barafu sasa hivi."

Matvei akaona haya. Desturi hiyo aliijua: hata mama yake alikuwa akimtukana kutwa siku za mtihani, ili mkosi upite mbali. Lakini yeye matusi yake yalitoka moyoni. Akajaribu kuyafuta: "Ila Rodion ana moyo, bibi, ana..."

"Koma!" Bibi akamziba mdomo kwa glavu ya sufu. "Mwaka jana nilimsifu, akaanguka akaumia goti!"

Simu ikalia. Bibi akasikiliza, akashusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka. "Karuka zote. Zote katua wima."

Behewa zima likapumua.

"Sasa nimsifu?" Matvei akauliza, akiinuka kushuka.

"Thubutu! Kesho anateleza tena."

Milango ikafunguka. Matvei akateremka, akageuka, akapiga kelele: "Rodion, gogo wewe! Hujui kitu!"

"Mungu akubariki, mwanangu," bibi akajibu.