Mjane Mwenye Mume

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mmezoea kunisikia katika kipindi hiki nikizungumza taratibu, na muziki laini ukipita nyuma yangu. Leo nimemwambia fundi mitambo auzime huo muziki. Leo nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Tunamkumbuka mshonaji wa mikoba ya ngozi aliyezikwa juma lililopita. Watu walimwita Sindano Mbili. Hata mumewe alimwita hivyo, hasa alipotaka kumchokoza. Maana alikuwa na mume. Nalisema mapema, na nitalirudia mpaka mnichoke: mama huyu alikuwa na mume, na mume huyo yu hai. Jana nilikuwa nyumbani kwake. Alinimiminia chai, akakitazama kiatu changu, akaniambia soli yake imebandikwa na mtu mvivu. Yu hai kabisa.

Tuanze na jina. Sindano Mbili alikulia kwenye kibanda cha baba yake, fundi viatu. Huko alijifunza kushona kwa uzi mmoja wenye sindano kila upande. Sindano zote mbili hupita tundu lilelile, moja ikitoka huku, nyingine ikitoka kule, kisha unavuta. Ni kazi ya polepole na vidole huota sugu. Lakini mshono wa mashine ukikatika mahali pamoja, mstari mzima unaanza kuachia. Mshono wa mama huyu ukikatika mahali pamoja, mishono jirani inashikilia. Kwa jambo hilo alikuwa na kiburi, na kiburi chenyewe alikistahili.

Alikuwa mkali pia, nisimpake mafuta kwa sababu amekufa. Mteja mmoja alilalamika kwamba mkoba ni ghali. Akamjibu, "Basi kanunue mfuko wa plastiki, mama. Nao una mikono miwili." Mteja akaondoka amevimba. Kesho yake akarudi na pochi wazi.

Sasa mumewe. Huyu wanamwita Mzee Kisu, na binti yake anasema hajawahi kuchinja hata kuku. Kisu chake ni cha ngozi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kina meza moja kubwa dirishani. Mzee Kisu alikaa upande mmoja, mkewe upande wa pili. Mume hutandaza ngozi, akaipitishia kiganja polepole akitafuta kovu la mwiba au alama ya kupe. Mkanda wa begani huukata kwenye ngozi ya mgongo, kwa kuwa ya tumbo huvutika na kulegea. Akishakata, mkewe hushona. Mume anakata, mke anashona. Naomba mlishike hilo. Hakukuwa na mkoba wa mmoja katika nyumba ile.

Tena waligombana, jamani! "Umekata kombo." "Macho yako ndiyo ya kombo." "Hebu leta hapa." "Sileti." Binti yao, ambaye ni fundi umeme, anasema alipokuwa mdogo alidhani ngozi haiwezi kuwa mkoba mpaka igombaniwe.

Ndipo akaja mtoto wa kaka yake Sindano Mbili. Simtaji jina, na si kwa kumstahi. Wakili wa kituo chetu ndiye aliyenikataza. Kijana ana ulimi wa asali. Alimwambia, "Shangazi, utawashonea watu wa mtaa huu mpaka lini? Dunia nzima inatafuta vitu vya mkono. Mimi nitakufungulia ukurasa mtandaoni, wewe shona tu." Na hapo alisema kweli. Watu wa kununua walikuwepo.

Siku ya picha, Sindano Mbili alivaa gauni lake la kijani, lile la harusi za watu. Kijana akamwomba avae la kazini, lililochanika kwapani. Alisema la kijani linang'aa mno kwenye kamera. Akakubali. Kisha kijana akamgeukia Mzee Kisu: "Mzee, sogea kidogo, unaziba mwanga." Mzee akasogea. "Kidogo tena, Mzee." Akasogea tena, mpaka akajikuta kwenye ujia, amesimama na ngozi yake begani.

Nilimuuliza Mzee kama hakuhisi kitu. Akaniambia, "Mimi mambo ya kamera nayajulia wapi, mwanangu? Nilidhani ni mwanga kweli. Nikasogea."

Mikoba ikauzika. Maombi yakaja kutoka miji ambayo wao waliisikia kwenye taarifa ya habari tu. Na Sindano Mbili alifurahi kupita kiasi. "Mama alitembea kama msichana," binti yake aliniambia. "Alikuwa akisema, wameona mshono. Huko mbali kuna watu wanaojua mshono." Wasikilizaji wapendwa, nikiifikiria furaha hiyo ndipo damu inapozidi kunichemka.

Siku moja mlango ukabishwa. Mzee Kisu akafungua. Mlangoni alisimama mwanamke mgeni, mkoba wao begani, maua mkononi. Alikuwa mteja wa mtandaoni, safari imempitisha karibu, akaona asipite bila kumwona fundi wake.

"Shikamoo, Mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba. Msiba gani tena?"

"Wa mume wa mama anayeshona."

"Mume wake ni mimi."

Mgeni akacheka kidogo, kwa adabu, akidhani Mzee ana utani. Kisha akaona hacheki, na Sindano Mbili naye amekuja mlangoni. Akatoa simu, akawasomea wote wawili maneno yaliyokuwa ukurasani, yaliyobandikwa chini ya picha ya gauni lililochanika. Niliyaona kwa macho yangu: "Tangu mumewe afariki, hana faraja nyingine ila sindano yake. Kila mshono ni chozi. Nunua mkoba, umfute mjane machozi."

Mzee Kisu akaomba asomewe tena ile sehemu ya kufariki kwake. Sindano Mbili hakuuliza habari ya kifo kwanza. Alimwuliza mgeni, "Na mkoba? Mshono umeuonaje?"

Mgeni, ambaye hana kosa hata chembe, akautazama mkoba begani kwake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Kusema kweli, mama, sijautazama hivyo. Niliununua kwa kukuonea huruma."

Hapo ndipo alipochomwa. Alikuwa akidhani wananunua kazi yake, kumbe wananunua machozi yake, ambayo hata hakuwa nayo. "Mimi nikishona silii," alisema. "Nikilia nitalionaje tundu?"

Akamwita mtoto wa kaka yake, akampa vidonge vyake mbele ya baba yake mzazi. Kijana alikuwa na uso mkavu. "Shangazi, mkoba ni mkoba tu, iko mikoba tele. Hadithi ndiyo inayouza."

"Ulimuua mume wangu!"

"Nilimwondoa kwenye tangazo tu, Shangazi. Si yuko hapo anakula?"

Aliahidi kuyafuta maneno yale. Aliyafuta, mambo yakatulia, akayarudisha. Sindano Mbili alipogundua, alimwomba binti yake simu. Wakaketi mezani, mke na mume, wakajionyesha mubashara kwenye ukurasa uleule. Akasema, "Mimi si mjane. Huyu hapa mume wangu, anakula, anakoroma, na mkanda wa mkoba wako yeye ndiye aliyeukata. Ukinunua, nunua ngozi na mshono. Pole yako baki nayo."

Mnadhani walimshukuru? Walimtukana, wasikilizaji wapendwa. Walimtukana yeye! Tapeli. Mwongo. Bibi kizee asiye na haya. Wengine wakadai warudishiwe pesa za mikoba, mikoba isiyo na kasoro yoyote, kwa sababu tu aliyeikata alikuwa anapumua. Yule aliyetunga uongo hakuguswa. Aliyesema kweli ndiye aliyepopolewa. Kijana akaifuta ile video, akabadilisha neno la siri, shangazi mtu akabaki nje ya ukurasa wenye sura yake.

Lakini hakuwa mtu wa kukunja mkeka. Alifungua ukurasa mpya kwa msaada wa binti yake. Haukuwa na sura ya mtu. Picha zilionyesha ndani ya mkoba, pale ambapo mafundi wabaya huficha aibu zao. Na maneno yalikuwa machache: "Mkoba wa ngozi. Mume amekata, mke ameshona. Wote wazima."

Wateja walikuwa wa kuokoteza. Hata hivyo, siku moja mtu wa mbali aliandika, akauliza ni nani aliyeukata mkanda wa mkoba wake, maana hajaona mkanda uliotulia vile begani. Sindano Mbili alinuna nusu siku. Kwa nini hawakuanza kuuliza mshono? Kisha akamsomea mumewe ujumbe wote, akamsomea tena, na Mzee Kisu akajifanya anatafuta kisu chini ya meza ili asionekane uso.

Basi walikuwa wameanza kupata walichokitaka. Kisha moyo wake, uliokuwa ukimsumbua tangu zamani, ukasimama.

Sitasema mtoto wa kaka yake alimuua. Daktari alisema moyo, na mimi si daktari. Nasema alichokifanya baadaye. Watu wangali wamekaa matanga, ukurasa wa zamani uliwekwa picha yake, ileile ya gauni lililochanika, na maneno haya: "Mjane wetu ametutoka. Hatimaye amekwenda kukutana na mume wake mpendwa. Mikoba yake ya mwisho ingalipo, wahi wako." Binti yake aliutafuta mkoba mmoja wa hiyo ya mwisho, akaufungua ndani. Umeshonwa kwa mashine.

Tulimpigia kijana simu atoe upande wake. Alituambia, "Mtangazaji, hakuna aliyeumia. Shangazi alipata wateja, wateja walipata mikoba." Hakuna aliyeumia! Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo lingenitoa kwenye kazi hii.

Sasa nawageukia ninyi, nami nimo. Tunaponunua kitu cha mkono, kwa nini tunataka kwanza aliyekitengeneza awe amefiwa, ana njaa, amevaa matambara? Kwa nini fundi mwenye gauni zuri, mume mzima na ulimi mkali hatumwamini? Yule kijana ametulisha tulichokuwa tunakitamani. Ukifika nyumbani leo, kigeuze hicho ulichokinunua, utazame mshono wake. Jiulize kama uliwahi kuutazama.

Naitaka familia radhi kwa ukali wangu, ingawa binti mtu aliniambia nisipunguze. Pole kwako, binti. Poleni ndugu na majirani.

Nimeyapitia yote yaliyoandikwa chini ya lile tangazo la msiba. Ni maelfu ya watu. Miaka yote walimpa mama huyu pole ya mume aliye hai. Sasa amekufa kweli, wanawatakia wote wawili pumziko jema. Hakuna hata mmoja aliyempa mume pole, kwa sababu kwao naye ni maiti.

Mzee Kisu, najua unanisikiliza, redio yako iko juu ya ile meza. Pole sana, Mzee wangu. Umefiwa na mkeo.