Wiki Ile Barabara Ilipokuwa Nyeupe

Kijiwe cha Birika kiko Tunduma, kando ya barabara kuu, pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Zambia. Jina halisi la muuza kahawa huyo ni Asajile, lakini ukimwita hivyo hageuki. Asubuhi hiyo alimimina kahawa akikwepa macho ya wenzake. Chama cha Njia Nyeupe, kilichoingia halmashauri kwa kishindo kikiahidi kuondoa foleni, jana kilibwagwa kata zote. Kijiwe kizima kina kadi za chama hicho. Na Birika, Mungu amsamehe, kura yake aliwapa wapinzani.

— Tumeibiwa! alifoka Kamanda, muuza mayai ya kuchemsha. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo si ya kuweka akiba? aliuliza Birika.

— Ndivyo walivyoiba sasa. Kidogo kidogo.

— Acheni hizo, alidakia Profesa, fundi pancha. Ni wenye malori. Wamekaa Lusaka, wakachanga, wakaturoga kata kwa kata. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Lusaka gani! Mama Gwantwa, mchoma mahindi, aligeuza mahindi yake kwenye jiko la mkaa. Foleni ina wenyewe, baba. Mizimu! Mmesahau ile wiki chama kilipoyapeleka malori yote uwanja wa nje ya mji? Barabara nyeupe pee! Ndipo walipokasirika.

Birika hakuwa amesahau. Siku ya kwanza walicheza barabarani wakipiga vigelegele. Siku ya pili kahawa ililala birikani, mayai yakavunda, mahindi yakaliwa na watoto wa Mama Gwantwa. Chama walikipenda kweli, ila walaji wao ndio wale madereva.

— Aliyetuuza yumo humu humu, alisema Kamanda, akimkazia Birika macho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Birika akajua leo ndiyo leo. Kijiwe kikimsusa, atakwenda wapi?

Dereva mmoja mgeni alikuwa ameshuka kunyoosha miguu, akapokea kikombe.

— Mulishani, wazee, alisalimu kwa Kibemba. Samahani, hapa kijiweni ni nani aliyekipigia kura Chama cha Njia Nyeupe?

Kamanda akaanza kumenya yai ambalo halikuagizwa na mtu. Profesa akainama kukagua tairi zima. Mama Gwantwa akapepea mkaa uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Birika akawatazama mmoja mmoja. Jamani, kumbe hayuko peke yake! Moyo ukatua, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akawajazia wote vikombe bila kuombwa.

Foleni ikasogea kidogo, ikasimama tena.

— Asante Yesu, alisema Mama Gwantwa, akajitwisha beseni la mahindi na kuyafuata malori.