Mwalimu Valerian Mihayo, Aliyetuachia Maagizo Mawili

Mwalimu Valerian Mihayo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 huko Mhunze, Kishapu, mtoto wa pili wa Mzee Paschal na Mama Agatha, wakulima wa pamba. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha akahitimu ualimu mjini Shinyanga mwaka 1994. Hakuwahi kuibia mtihani.

Alifundisha Kiswahili Geita hadi alipougua. Wachimbaji wadogo walipofukiwa na kifusi mbali na kwao, yeye ndiye aliyeombwa kuwaandikia wasifu. Watu walilia. Yeye aliuliza, "Wamemlilia marehemu, au wamelilia maneno yangu?"

Siku moja mchimbaji mmoja, Ngusa, alimwambia, "Mwalimu, mimi niandikie nikiwa hai, nikusahihishe." Akamwandikia. Ngusa alisikiliza, akacheka hadi akakaa chini. "Huyu siyo mimi! Huyu ni katekista!"

Wengine waliona ni mzaha tu. Lakini Mwalimu hakuandika wasifu tena. Alianza riwaya kuhusu machimbo, akiapa kwamba safari hii hatampamba mtu. Kila sura aliiandika upya, kisha akasema alivyoiandika mwanzo ilikuwa bora.

Alifunga ndoa takatifu na Martina tarehe 11 Julai 1998, Ushirombo. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na nyumba ndogo.

Aliugua figo tangu Mei 2024, akafariki hospitalini Mwanza, Jumapili tarehe 9 Februari 2025. Jumatatu ya wiki hiyo ya mwisho alimwambia Martina kuhusu riwaya yake, "Kichapisheni kitabu." Alhamisi alimwambia kaka yake Otmar, anayesoma wasifu huu, "Nizikeni nacho. Kitanitia aibu."

Neno la marehemu hutiiwa; ndivyo tulivyolelewa. Hatukufundishwa la kufanya maneno yakiwa mawili. Asubuhi hii Otmar alikiweka kitabu ndani ya jeneza. Martina akakitoa.

"Shemeji, ukimzika nacho, unizike na mimi."

"Mama Limi, ni agizo lake."

"Na hili langu alilitoa nani?"

Jeneza limefungwa bila kitabu. Kiko nyumbani, na familia haijui kama imemtii marehemu au imemwasi.

Ameacha mjane, watoto wawili, Limi na Sostenes, mjukuu mmoja, na kaka. Mungu, ajuaye ni neno lipi alilolimaanisha, ampe pumziko la amani.