Hester Yapp na Lango la Maji la Aldercote (1943–2024)

Hester Maud Yapp alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 hapa Aldercote, katika nyumba ya kona inayotazamana na kanisa hili. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Albert Preece, fundi wa kusuka nyua za miti, na mkewe Dora. Mama yake alikuwa akisema kwamba Hester hakutambaa. Alisimama, akaondoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyejua kwa uhakika yuko wapi. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Lorna, binti wa mdogo wake, Wilf Preece. Kwetu sisi alikuwa Shangazi, na tulimjua kwa hatua zake kabla ya sauti yake.

Alianza masomo mwaka 1948 katika shule ya kijiji, ile ambayo sasa ni nyumba ya watu wa London wanaokuja mwisho wa wiki. Mwalimu wake alichoka kumwambia akae, akampa kazi ya kugawa chupa za maziwa ili ahangaike kwa faida ya wengine. Mwaka 1954 alijiunga na sekondari mjini Leominster, akamaliza mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Alipenda jiografia, hasa ramani, na aliwahi kuadhibiwa kwa kumsahihisha mwalimu kuhusu mahali kijito cha Tarrow kinapoanzia. Baba yetu anasema mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi, lakini Hester hakukubali mpaka mwisho wake.

Septemba 1958 aliajiriwa kwenye posta ya hapa kijijini, na mwaka 1971 akawa msimamizi wake, hadi ilipofungwa mwaka 1998. Kukaa nyuma ya dirisha la posta kulimtesa. Mtu asipokuja kuchukua pensheni yake, yeye alifunga mlango na kumfuata nyumbani, na mara nyingi alikuta kuna sababu: homa, mguu uliovunjika, au upweke tu. Mei 1979 alichaguliwa kuingia katika halmashauri ya kijiji, akakaa humo miaka thelathini na minne. Aligombana na wenye malori waliopita kwa kasi mbele ya shule, na wenye mbwa, na watu wa kaunti waliotaka kuzima taa ya barabarani. Shule ilipotakiwa kufungwa mwaka 1983 aliongoza upinzani, akashindwa, na kwa muda mrefu hakupita barabara ile. Benchi lililopo uwanjani ni yeye aliyelipigania. Hakuna mtu katika kanisa hili aliyewahi kumwona amelikalia.

Tarehe 11 Juni 1966 alifunga ndoa na Gilbert Yapp wa Shamba la Brook. Katikati ya hotuba za harusi bibi harusi alitoweka, akakutwa jikoni amekunja mikono ya gauni, anaosha sahani. Mzee Gilbert, kama mnavyomjua, ni mtu wa kukaa. Huamua polepole na husema kidogo. Walijaliwa watoto wawili, Marian mwaka 1968 na Clement mwaka 1971.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mlikuwa mkijiuliza kama litasomwa. Mzee Gilbert ndiye aliyetaka lisomwe. Alisema, "Lorna, ukiliruka hilo, utakuwa unamzika mtu mwingine."

Nyuma ya nyumba za Mill End, kwenye tuta la kijito, lipo lango la chuma lililowekwa na babu yake Gilbert kwa ajili ya kumwagilia malisho. Ukilifungua, maji ya Tarrow huingia katika shamba la chini la Brook na kuziacha nyumba. Lakini baba yake Gilbert alipanda matufaha katika shamba hilo mwaka 1937, na Gilbert mwenyewe akaongeza mengine, na lango likafungwa likasahaulika. Pombe ya matufaha ya Brook ilinywewa mpaka mjini Hereford. Kila majira ya baridi watu wa Mill End walipandisha mazulia ghorofani na kungoja mafuriko, na kila mwaka katika halmashauri ya kijiji mtu aliuliza habari za lango, na kila mwaka Gilbert alijibu kwamba lile ni shamba, si bwawa. Hester alikuwa mkutanoni. Yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu za mikutano, akaandika jibu la mumewe, akarudi naye nyumbani kwa gari moja.

Jumatatu tarehe 30 Oktoba 2000 Tarrow ilipanda kuliko mtu yeyote alivyowahi kuona. Asubuhi Gilbert alikwenda kwa dada yake Enid, kule juu, kuwahamisha kondoo. Hester alishinda akitembea kati ya tuta na nyumba akiwa amevaa gambuti, akipima maji kwa macho. Mchana maji yaliingia kizingitini mwa nyumba ya mwisho, ya Bi Ivy Bufton, ambaye alikuwa na miaka themanini na moja na alikuwa amekataa kuondoka.

Hester aliingia akamkuta amekaa kwenye ngazi, koti mwilini, paka mapajani.

"Bi Ivy, twende kwangu."

"Siendi. Nilizaliwa humu."

"Utafia humu basi."

"Sijasema sitafia. Nimesema siendi."

Hester alitoka. Nje alikutana na Len Gittins, fundi mwashi, amebeba viroba vya mchanga ambavyo havikuwa vikisaidia tena. Len yupo hapa, na maneno haya nimeyapata kwake.

"Len, acha hivyo. Lete nyundo na mafuta. Tunafungua lango."

Len alisimama. "Gilbert anajua?"

"Atajua."

"Mama, yuko kwa Enid. Ni dakika kumi kwa gari. Mpigie simu basi."

"Nikimpigia atasema hapana," Hester alisema, "na akishasema hapana sitaweza. Shika nyundo."

Len anasema Hester aligeuka mara mbili kuitazama barabara ya juu. Kutu ilikuwa imelishika gurudumu la lango. Walipiga, wakamwaga mafuta, wakapiga tena. Lilipoachia, maji yaliingia shambani kwa mkupuo. Mavuno yalikuwa bado chini ya miti, ndani ya magunia, na magunia yakaanza kuelea. Hester aliyatazama hadi yalipofika kwenye uzio, kisha akarudi kwa Bi Ivy kumfagilia matope. Nyumba za Mill End zilipona. Hata mazulia ya wale walioshindwa kuyapandisha yalibaki makavu.

Gilbert alirudi jioni hiyo. Alisimama penye uzio, akatazama. Hester alimfuata, akasema, "Ni mimi." Gilbert aliitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akachukua wembe wake na soksi, akarudi kwa Enid. Alikaa huko mpaka Machi.

Hiyo ilikuwa baridi ndefu kwa kijiji kizima. Shamba lile ni kama bakuli, na maji yalilala humo mpaka baada ya Krismasi. Mill End walimwona Hester kuwa mkombozi wao. Huku juu wengine walisema mwanamke amegawa mali ya mumewe kwa majirani ili apate sifa, na walisema kwa sauti ya kutosha kusikika dukani. Novemba, kwenye mkutano ukumbini, mtu alisimama akapendekeza apewe shukrani rasmi. Hester alikataa kuiandika.

"Msinishukuru mimi," alisema. "Shamba si langu. Ningekuwa nimetoa changu ningekubali."

"Basi tumshukuru nani?" mtu akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka, kwa sababu jibu lilikuwa gumu.

Aliyelijibu ni Bi Ivy. Wiki moja baadaye alipanda mlima kwa fimbo yake mpaka kwa Enid, akakataa chai, akasimama mbele ya Gilbert aliyekuwa akivua viatu.

"Nimekuja kukushukuru."

"Mimi sikufanya kitu, Ivy."

"Najua hukufanya. Lakini miti ni yako, na mimi nimelala pakavu. Kwa hiyo asante."

Enid aliwahi kutusimulia kwamba Gilbert alikaa na kiatu kimoja mkononi muda mrefu baada ya mgeni kuondoka.

Hester hakwenda kumfuata mumewe, wala hakumtumia mtu. Marian alipokuja kutoka Bristol na kumsihi aombe radhi, alimjibu, "Nikimwomba radhi atajua namdanganya." Lakini hakulala vizuri. Alikonda. Kila alasiri alizunguka shamba lile lililojaa maji, akigusa miti mmoja mmoja kama anayepapasa wagonjwa. Miti mingi haikuchipua tena. Zaidi ya nusu ilikufa, ikiwamo yote aliyopanda baba mkwe wake.

Machi 2001 Gilbert aliingia jikoni akiwa na soksi zake ndani ya mfuko. Hester alikuwa amesimama, mnajua hivyo. Mazungumzo yao Gilbert mwenyewe amenipa, na ameniambia nisiyapambe.

"Ungeniuliza," alisema Gilbert.

"Ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana. Lakini ungeniuliza."

Hester alifuta meza iliyokuwa safi. Kisha akasema, "Na Ivy je?"

"Sisemi habari za Ivy. Ivy hakustahili kuzama. Nasema miaka thelathini na minne tumekaa nyumba moja, na siku hiyo ukaniona mimi ni mlango wa kuvunjwa."

"Sina la kukujibu, Gil."

"Najua," alisema, akauliza kama kuna chai.

Tangu hapo mambo yalikwenda hivi. Gilbert aling'oa miti iliyokufa, hakupanda mingine. Alilitengeneza lango kwa mikono yake, akalipaka rangi ya kijani. Na kila maji yalipopanda, mwaka 2007, na 2012, na 2020, Hester alikwenda kumwuliza. Naye Gilbert alimwambia angoje. Alimaliza chai yake. Alitazama dirishani. Hester alizunguka meza, akafungua kabati na kulifunga, akatoka uani akarudi, na hakusema neno, na Gilbert alikuwa akifurahia kila dakika yake. Kisha alivaa koti, akaenda kulifungua mwenyewe. Hajawahi kusema hapana.

Niliwahi kumwuliza Shangazi kama alijuta. Tulikuwa tukipanda njia ya malisho, na kama kawaida nilikuwa nikimkimbilia. Alisema, "Ningefanya tena. Na ningeogopa tena. Sasa ongeza mwendo, mvua inakuja."

Mwaka 2019 madaktari waligundua ana ugonjwa wa moyo. Miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Aliambiwa apunguze shughuli, akapunguza kwa kuacha kupanda mlima mara mbili kwa siku na kupanda mara moja. Kufikia vuli ya 2023 hakuweza kufika kwenye tuta. Hilo lilimuuma kuliko maumivu yenyewe. Alilazwa hospitali kwa muda mfupi, akaomba kurudi, akawekewa kitanda sebuleni, na kutoka hapo aliwapigia simu watu wa barabara kuhusu mfereji ulioziba karibu na kanisa mpaka wakaja kuuzibua. Nesi anayezunguka vijijini alimwambia, "Bi Hester, leo pumzika tu." Akamjibu, "Mwanangu, nikishaanza kupumzika sitaacha."

Jumapili tarehe 14 Januari mwaka huu mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Saa tatu asubuhi Hester alimwuliza Gilbert maji yamefika wapi. Marian alikuwepo, akamwangalia baba yake, akitumaini atasema yameshuka. Gilbert alisema, "Yamefika kwenye ukuta wa Len, pale Mill End."

"Unaniruhusu?" Hester aliuliza.

Gilbert hakutaka kutoka chumbani. Marian alisema Len anaweza kwenda. Hester alitikisa kichwa, akamtazama mumewe, na Gilbert akainuka pale pale, akaacha chai ikiwa moto. Alilifungua lango. Aliporudi, mikono ya koti ikiwa imelowa hadi viwikoni, Hester alikuwa amefariki, muda mfupi kabla ya saa nne, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Gilbert alikaa kando ya kitanda akamwambia kwamba maji yanaingia shambani vizuri na Mill End ni pakavu. Alimweleza yote, polepole, kama mtu anayetoa taarifa mkutanoni.

Marehemu ameacha mume, Gilbert. Binti yake Marian na mumewe Piers. Mwanawe Clement na mkewe Ngaire, ambao wamesafiri kutoka New Zealand. Wajukuu Tamsin, Rupert na Aroha. Mdogo wake Wilf. Na mimi na ndugu zangu. Wifi yake Enid na jirani yake Ivy Bufton walimtangulia. Ameacha pia nyumba za Mill End, ambazo leo zina watu ndani, na moshi kwenye dohani.

Familia inawashukuru wote. Baada ya mazishi karibuni ukumbini kwa chai na sandwichi. Barabara ya chini bado ina maji, kwa hiyo piteni ya juu, na tafadhali msiegeshe magari mbele ya mfereji.

Mungu amjalie Hester pumziko jema. Hester atamwuliza kwanza kama hakuna kazi. Naye Mungu amjibu kwa upole kwamba kwa sasa hakuna.