Nyumba Moja Bado Haijapakwa Chokaa

Mgeni rasmi, Bwana Afisa wa Mitaa, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliopanda juu ya tangi la maji: hodi imesikika, na mtaa mzima unaitikia karibu!

KARIBU
Utusamehe risala hii ikisomwa mbiombio. Sisi wakaaji wa Mtaa wa Tangi tumeingoja siku hii mpaka usingizi umetuhama, na msomaji wetu, Ogola wa karakana ya reli, ameonywa mara nyingi asirukeruke.

TULIKOTOKA
Mtaa huu ulizaliwa pamoja na reli. Wapakizi wa mizigo walijenga kwa udongo, wakaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopondwa yakanyooka. Nyumba ya kwanza ndiyo hii iliyo mbele yako, ya Mama Nabalayo, aliyeletwa humo akiwa bibi harusi. Tangu hapo, yeyote aliyeshuka treni hana ndugu wala jamaa alilala kwake usiku wa kwanza. Hakudaiwa kitu. Asubuhi alikanda udongo, akakandika ukuta palipobomoka. "Huyu si mgeni tena," Mama husema. "Mkono yake iko kwa ukuta yangu."

Kisha serikali ikatangaza Hali ya Hatari. Malori ya askari yakachukua majirani zetu Wakikuyu, milango ikafungwa, mapaa yakaanguka. Mama Nabalayo alibaki akikandika kuta za wenzake kila baada ya mvua, peke yake, huku wengine wetu tukimwambia anajisumbua bure.

TULICHOFANYA
Sasa tazama! Mwaka huu Wachuka, mmoja wa waliochukuliwa, amerudi na watoto wake, akakuta kuta za nyumba yake zimesimama. Alicheka, akalia, akauliza, "Ni nani amenitunzia?" Tuliona haya, na kesho yake tukashika kazi. Mitaro tumechimba, mapaa tumeezeka, viazi vya Molo vinauzwa tena chini ya tangi, na Jumamosi ngoma hailali. Halafu tukapaka chokaa. Lo, tulipaka! Hata mbwa wa Mzee Mathenge ana madoa.

KOSA LETU
Hapo ndipo tulipokosea. Ofisi yako ilikuwa imepiga msalaba mwekundu kwenye nyumba za kubomolewa. Bwana Afisa, chokaa haina macho. Misalaba imefunikwa, na tukiulizwa ilikuwa wapi, kila mtu anamtazama jirani yake. Tunasikia trekta linakuja Julai. Tunacheka, lakini tusikufiche: tunaogopa. Wachuka hajamaliza hata kufungua mizigo.

Msalaba mmoja tu umebaki, nao unauona. Vijana walipofika na ndoo, Mama Nabalayo alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hapa hapana! Hii msalaba si mimi niliweka."

"Mama, wataanza na wewe!" Wachuka akamsihi.

"Waanze. Aliyeweka atakuja kutoa mwenyewe."

OMBI
Hatuombi lami wala taa za barabarani. Tunaomba mtaa wetu usimame.

Mara ya kwanza ulikuja na kamba ya kupimia, tukakupa chai. Mara ya pili ulikuja na rangi nyekundu, tukakupa chai vilevile. Leo ni mara ya tatu, na wahenga walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hatukukuletea. Yule pale Mama Nabalayo anakuja na ndoo ya chokaa, na brashi ni mpya.

Mungu akubariki, akurudishe salama kwa mama watoto. Akikuuliza chokaa ya mikononi umeitoa wapi, mwambie ulikuwa kwenu.

Ni sisi, tuliokwisha kukupisha njia hadi ukutani,
Wakaaji wa Mtaa wa Tangi,
Nakuru, 1959.